Malaria ya Milimani: Tujitayarishe Kabla ya Mvua ya Masika

Sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira iko zaidi ya mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu ya baridi ya huko, watu wengi hudhani kwamba malaria ni ugonjwa wa watu wa kando ya Ziwa Victoria. Dhana hiyo ni ya hatari. Malaria ya milimani huweza kutulia kwa muda mrefu, kisha ikazuka ghafula na kujaza hospitali kwa majuma machache.

Jambo hili si geni. Tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza mpaka miaka ya 1950, milima ya magharibi ya Kenya ilipatwa na milipuko mara kwa mara. Kisha kukawa na utulivu, hata watu wakasahau. Kuanzia mwaka 1988 ugonjwa ulirudi. Mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño, na tena mwaka 2002, watu wengi wa milimani waliugua na wengine wakafa.

KWA NINI HUZUKA GHAFULA

Mbu jike aitwaye Anofelesi akimwuma mgonjwa, hunyonya vijidudu vya malaria pamoja na damu. Vijidudu hivyo lazima vikomae ndani ya mbu kabla ya kumwambukiza mtu mwingine. Hewa ikiwa na joto la digrii 20, kukomaa huchukua kama siku 28, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Joto likifika digrii 24, huchukua kama siku 14 tu. Chini ya digrii 16 havikomai kabisa. Basi joto likizidi kidogo tu, hatari huongezeka sana.

Tena, mtu mzima aliyekulia kando ya ziwa ameumwa na mbu wenye malaria tangu utotoni, na mwili wake umepata kinga kiasi. Mtu wa milimani hana kinga ya namna hiyo. Kwa hiyo ugonjwa ukizuka huwaangusha watoto, akina mama wajawazito, na hata wanaume wenye nguvu, wakati uleule wa palizi na kuchuma chai.

KAZI YA SHAMBANI

Anofelesi hupenda kutaga mayai katika maji madogo yaliyotulia na kupigwa na jua. Mkulima aangalie mambo haya:

1. Mashimo ya matofali. Kufyatua matofali huleta fedha, lakini shimo lililoachwa wazi hushika maji hata wakati wa kiangazi. Ukimaliza kazi, lifukie, au lichimbie mfereji maji yatoke.

2. Mifereji ya mabondeni. Bonde likilimwa na mfereji ukaziba, maji husimama. Zibua mifereji kabla ya mvua ya mwezi wa Machi.

3. Kivuli. Mahali ambapo maji hayawezi kuondolewa, panda nyasi za mabingobingo, ambazo wengi huziita nepia. Uchunguzi uliofanywa katika milima ya magharibi ya Kenya ulionyesha kwamba maji yaliyotiwa kivuli na nyasi hizo huwa na viluwiluwi vichache vya Anofelesi. Na ng'ombe watapata majani.

KAZI YA NYUMBANI

Kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa, hata usiku wa baridi. Chandarua si cha kufugia vifaranga wala kuzungushia kitalu cha mboga. Wapuliziaji dawa wakipangiwa kuja kijijini, toa vyombo na chakula nje, uwaache wapulize kuta zote. Usikandike ukuta upya baada yao, kwa maana udongo utaifunika dawa.

MGONJWA ASINGOJE

Dalili ni homa, kutetemeka, kuumwa na kichwa na viungo, na kutapika. Mtoto mwenye malaria kali huweza kufa kwa siku moja au mbili. Usingoje siku ya soko, wala usinunue vidonge viwili vitatu dukani kwa kubahatisha. Mpeleke apimwe damu siku ileile homa inapoanza. Mtoto akishikwa na degedege, akishindwa kunyonya au asipoamka, mkimbize hospitali.

Dawa mseto humezwa kwa siku tatu, mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Kipimo cha mtu mzima ni vidonge 24 kwa jumla. Anayeacha siku ya pili kwa kuwa amepata nafuu huacha vijidudu mwilini, na mbu watavichukua kwa jirani.

KIJIJI KIWE MACHO

Miezi ya Januari na Februari ikiwa na joto kuliko kawaida, kisha masika yakawa makubwa, tazamieni ugonjwa mwezi wa Juni na Julai. Yafaa jambo hili lizungumzwe mapema katika baraza la chifu. Kila mtaa ujue mhamasishaji wake wa afya ni nani, zahanati gani iko karibu, na gari au pikipiki ya nani itabeba mgonjwa usiku.

Mhamasishaji ahesabu wenye homa kila juma. Kama juma moja ni nyumba mbili na juma linalofuata ni nyumba saba, apeleke habari zahanati siku hiyohiyo. Mlipuko ukigunduliwa katika majuma mawili ya kwanza, dawa na vipimo vyaweza kuletwa kabla maradhi hayajaenea. Ukicheleweshwa, dawa zitafika watu wakiwa wameshazikwa.

Mashimo hufukiwa wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.