Adui mezani: Vipindi vya anga za juu vya kutazama na mtoto

Mzazi, ukimkuta mwanao anatazama tamthilia ya viumbe kutoka sayari nyingine, mara nyingi utasikia kwanza milio ya silaha. Mji unawaka, watu wanakimbia, shujaa anaruka. Ni rahisi kuamini kwamba vipindi vyote vya aina hii ni vita tu, ukachukua rimoti na kubadilisha chaneli.

Vipo, hata hivyo, ambavyo sehemu yake nzito kuliko zote ni pande mbili zinazochukiana, zikibishana juu ya maneno ya mkataba. Hakuna anayefyatua risasi, na bado mtoto haondoki kwenye kochi. Hivyo ndivyo tunavyovizungumzia wiki hii, kwa sababu nyumbani watoto hawaoni mara nyingi ugomvi mkubwa ukimalizwa kwa mazungumzo. Wanasikia mkubwa akisema "nimesema basi", na mambo yanaishia hapo.

Tuanze na Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1987 hadi 1994. Mwaka 1989 ilitoka sehemu iitwayo The Ensigns of Command. Viumbe waitwao Sheliak wanataka sayari moja ambayo kwa mujibu wa mkataba ni yao. Tatizo ni kwamba tayari wanaishi humo binadamu zaidi ya 15,000, na Sheliak wanawaona binadamu kama wadudu. Wanatoa siku chache tu: watu waondoke, la sivyo wataangamizwa. Kapteni Picard anahitaji wiki tatu ili meli kubwa ya kuwahamisha ifike. Anaomba kwa heshima, anakataliwa. Anaeleza kwamba kuna familia kule chini, wanamkatia mawasiliano.

Hapo ndipo kisa kinaponoga. Mkataba wenyewe una maneno 500,000, na upande wa binadamu ulitumia wanasheria 372 kuuandika. Sheliak wanapenda maandishi kuliko kitu chochote. Neno ambalo halimo kwenye mkataba kwao halipo. Basi Picard anaacha kuwabembeleza na kukaa kuusoma. Anakuta kifungu kinachoruhusu kila upande kuomba msuluhishi kutoka nje. Anamteua msuluhishi wake: taifa la viumbe ambao wakati huo wamelala usingizi wa msimu, na hawataamka kwa miezi sita. Sheliak wachague, wasubiri miezi sita au watoe wiki tatu. Wanaanza kubabaika na kupiga simu, kama tungesema sisi. Picard hapokei. Anapita taratibu pembeni ya chumba, anapangusa vumbi kwenye kibao cha ukutani, wao wakisubiri. Kisha anapokea, na anapata wiki zake tatu.

Msimamishie mtoto kipindi kabla ya hapo, pale Picard anapokataliwa mara ya pili, umuulize yeye angefanya nini. Wadogo wengi watasema "awapige". Mwache aseme, kisha muulize nani atakufa kwanza. Wale watu wako chini, hawana pa kukimbilia. Linalofaa kumwonyesha ni kwamba Sheliak hawakugeuka kuwa marafiki. Mwisho wa kipindi bado wanawadharau binadamu kama mwanzo. Mtoto anayeonewa shuleni anaambiwa kila siku "zungumza naye mpatane", naye anajua kabisa kwamba yule mwenzake hampendi na hatampenda. Kusikia kwamba unaweza kupata unachohitaji kwa mtu asiyekupenda ni habari mpya kwake.

Kisa hicho kina upande wa pili, na kwangu ndio mgumu zaidi. Data, roboti mwenye umbo la binadamu, ametumwa chini kuwashawishi wakazi wahame. Wanakataa. Babu zao walikufa wakiijenga sehemu hiyo, wakaleta maji jangwani kwa mfereji mkubwa ambao ndio fahari ya mji. Data anatoa hoja zake zote bila mafanikio. Mwishowe anawazimisha walinzi kwa muda na kuupiga mfereji kwa silaha yake ndogo, ili waone silaha moja tu inaweza kufanya nini, wakati Sheliak wana nyingi kuliko hiyo. Mtoto atakuuliza kwa nini yule mzuri ndiye aliyetumia silaha, tena kwa watu wake mwenyewe. Usikimbilie kumtetea Data. Mimi huona kwamba mwandishi aliona jambo ambalo kila mwenye familia analijua: adui wa nje unaweza kumshika kwa kifungu cha sheria, lakini ndugu yako aliyeng'ang'ania shamba la babu hasikii kifungu.

Katika tamthilia hiyohiyo, mwaka 1991, kuna sehemu iitwayo Darmok. Humo tatizo si ukali, ni lugha. Viumbe waitwao Watamaria huzungumza kwa kutaja visa vyao vya zamani tu, kwa hiyo maneno yanaeleweka moja moja lakini maana haipatikani. Kwa msemaji wa Kiswahili hilo si geni sana. Mtu akikuambia "hii ni sufuria ya Abunuwasi", ukiwa umesikia kisa cha sufuria iliyozaa kisha ikafa, huhitaji maelezo zaidi. Ukiwa hujakisikia, utatafuta sufuria jikoni. Kapteni wa Watamaria anamrushia Picard kisu, na Picard anadhani anatakiwa kupigana, kumbe mwenzake anataka wapambane pamoja na mnyama hatari ili wapate kisa kimoja cha kuzungumzia. Anakufa kwa majeraha baada ya kueleweka. Mtoto mwenye moyo mwepesi anaweza kulia hapo, kaa naye.

Sasa Doctor Who, ya Uingereza. Katika sehemu ya kuadhimisha miaka 50 ya tamthilia hiyo, Novemba 2013, viumbe waitwao Zygon wameiga sura za binadamu na wameingia kwenye ghala la siri la silaha mjini London. Kiongozi wa binadamu amewasha bomu la kuuteketeza mji mzima ili wasizipate. Naye kiongozi wa Zygon amekaa mbele yake akiwa na sura yake hiyohiyo. Daktari hawaombi wapendane. Anawafutia kumbukumbu kwa muda, hivyo hakuna anayejua kama yeye ni binadamu au Zygon. Bomu linazimwa mara moja, na mkataba unaandikwa. Ni nani angeandika masharti ya kuwakandamiza Zygon ilhali huenda ni yeye? Binti mmoja anagundua ukweli kupitia dawa yake ya pumu, na wanatazamana na pacha wake wa bandia, kidole mdomoni. Wananyamaza.

Watoto wadogo wanalielewa hili haraka kuliko tunavyodhani. Ndiyo kanuni ya kugawana keki: anayekata si anayechagua kwanza. Jaribu jioni hiyohiyo kwa kipande cha nyama, uone kisu kitakavyopimwa.

Mkataba huo hata hivyo haukudumu bila msukosuko. Mwaka 2015, katika The Zygon Inversion, kundi la Zygon vijana linauvunja, na Daktari anawawekea viongozi wawili masanduku mawili. Kila sanduku lina vitufe viwili, kimoja cha kushinda na kimoja cha kuangamiza upande wako, na hakuna ajuaye kipi ni kipi. Anawasihi kwa muda mrefu, kwa hasira na machozi, mpaka wanayafunga. Masanduku yalikuwa matupu. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12 hicho ni kipindi cha kutazama hadi mwisho bila kukatiza.

Daktari huyo wa 2015 aliigizwa na Peter Capaldi. Mwaka 2009 mwigizaji huyohuyo alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza katika Torchwood: Children of Earth, sehemu tano zilizoonyeshwa kwa siku tano mfululizo. Hii si ya watoto hata kidogo. Itazame wamekwisha kulala. Viumbe waitwao 456 wanataka asilimia 10 ya watoto wote duniani, na serikali inakaa kujadiliana nao. Inajaribu kupunguza idadi, inashindwa. Kisha mawaziri wanageukia swali la watoto gani watolewe, na mmoja anapendekeza wale wa shule zinazofanya vibaya kwenye orodha ya matokeo. Ila kabla hawajafika huko wanapatana jambo moja haraka, bila ubishi mkubwa: watoto na wajukuu wa waliokaa kwenye meza ile hawatakuwemo.