Je, Wajua Nyota Hupimwa Uzito kwa Saa?

Katika kundi la nyota la Nge imo pulsari iitwayo PSR J1614-2230. Ni nyota ya nyutroni, kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, nayo hujizungusha takriban mara 317 kwa sekunde. Mawimbi yake ya redio huzunguka nayo kama mwanga wa mnara wa bandarini. Kila yanapotupitia, darubini hunasa mpigo mmoja. Kasi hiyo iliipata kwa kunyonya gesi ya nyota jirani, ambayo leo imebaki kibete cheupe chenye nusu hivi ya uzito wa Jua. Huzungukana kila baada ya siku 8.7.

Mipigo hiyo haiyumbi. Wanaastronomia huhesabu mizunguko ya pulsari ya namna hii kwa miaka bila kupoteza hata mmoja, kwa hiyo ikichelewa kidogo tu, wanajua.

Na hii huchelewa. Kwa bahati adimu, njia ya nyota hizi tunaitazama karibu kabisa ubavuni, hivyo kila mzunguko kibete hupita baina yetu na pulsari. Hakiyazibi mawimbi, bali uvutano wake hupinda nafasi na wakati, na mpigo unaopita jirani nacho hufika ukiwa umechelewa karibu sehemu 50 za milioni ya sekunde. Irwin Shapiro alitabiri jambo hilo mwaka 1964, akiwazia mawimbi ya rada yanayopita karibu na Jua letu.

Mwaka 2010 Paul Demorest na wenzake waliifuatilia pulsari hii kwa darubini ya Green Bank, West Virginia, Marekani. Kuchelewa kwa mipigo kuliwapa uzito wa kibete. Uzito huo, pamoja na vipimo vya njia yao, ukawapa wa pulsari: mara 1.97 ya Jua. Vipimo vya baadaye viliushusha hadi 1.91 hivi, lakini pigo lilikwisha kuwapata wananadharia. Wengi walidai kwamba ndani ya nyota za nyutroni maada hugeuka chembe ngeni zilizo laini mno, zisizohimili mzigo wa namna hiyo. Nyota ingeporomoka kuwa shimo jeusi. Mbona ipo, na inazunguka! Kwangu huu ni miongoni mwa vipimo vizuri kabisa katika astronomia, kwani hakuna maabara duniani inayoweza kuibana maada kiasi hicho.

Pulsari nyingine yenye kibete cheupe, PSR J0740+6620, imepimwa vivyo hivyo ikakutwa na uzito wa takriban Jua 2.08. Sasa utafiti umegeukia upana wake.