Kompyuta Inapoomba Idhini, Ajibu Nani?

Kompyuta nyingi zinazotumika majumbani na madukani katika maeneo yetu ya mpaka, Busia na Malaba hadi Mutukula na Elegu, zilinunuliwa Kampala zikiwa zimekwisha kutumika. Mnunuzi huipokea mashine ikiwa na programu zote, huiwasha na kuanza kazi. Ni wachache wanaouliza swali ambalo sisi, kwa kazi yetu, tunaliona kuwa la kwanza: ndani ya mashine hii, mwenye mamlaka ni nani?

Kompyuta huwa na akaunti za aina mbili. Akaunti ya msimamizi, ambayo kwenye kioo huandikwa Administrator, yaweza kuweka programu na kuziondoa, kufungua mafaili ya watumiaji wengine na kuzima kinga dhidi ya virusi. Akaunti ya kawaida yatosha kuandika barua, kufungua intaneti na kutunza hesabu za duka, lakini haiwezi kuugeuza mfumo wenyewe. Tangu Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, programu inayotaka kugusa mfumo husimamishwa na kuulizwa, kama lori lisimamavyo Malaba: kioo hufifia, na kisanduku hutokea kikitaka idhini ya mwenye kompyuta.

Wengi hukichukia kisanduku hicho. Wako mafundi wanaokizima kabisa ili mteja asisumbuliwe, na mteja hushukuru. Kwa maoni yetu, huo ni msaada wa hasara. Programu ikishapewa mamlaka ya msimamizi yaweza kujificha, kuzima kinga na kunakili kila herufi unayochapa, pamoja na nywila ya benki. Mchezo wa mtoto au programu iliyovunjwa ulinzi, inayouzwa kwenye flashi kwa bei ya chini, mara nyingi huja na maelekezo ya kuzima kinga na kukubali kila kitu. Maelekezo hayo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuikataa.

Basi kisanduku kinapotokea, jiulize: ni mimi niliyeanzisha jambo hili? Kama hukuanzisha, kataa. Kukataa hakuiharibu kompyuta. Ikiwa programu ilikuwa halali, utaianzisha tena baadaye. Kama ni wewe, soma jina la programu na la mtengenezaji wake. Katika Windows 10 na 11, ukanda wa manjano huonyesha kuwa mtengenezaji hakuthibitishwa. Wa buluu huonyesha kuwa sahihi yake imethibitishwa, lakini hauthibitishi nia yake.

Jihadhari zaidi na mtu anayepiga simu akidai kuwa anatoka benki au kampuni ya simu, na kwamba ataitengeneza kompyuta yako akiwa mbali. Kioo kinapofifia, mara nyingi yeye hawezi kubonyeza kitufe hicho mwenyewe. Ndiyo maana hukuhimiza ubonyeze wewe, tena haraka.

Mpangilio tunaoushauri ni mwepesi. Fungua sehemu ya akaunti katika mipangilio, utengeneze akaunti moja ya msimamizi yenye nywila ajuayo mkuu wa nyumba au mwenye duka peke yake. Ingia humo kwanza, uhakikishe inafanya kazi. Ndipo uigeuze akaunti ya kila siku iwe ya kawaida. Ukigeuza mpangilio huo, waweza kujifungia nje. Tangu hapo, mtoto au karani akitaka kuweka programu, kompyuta itadai nywila, naye atalazimika kukuita. Ukikuta akaunti usiyoijua, iliyoachwa na muuzaji, ni heri kuweka Windows upya kabisa, baada ya kuhifadhi mafaili yako.

Kisanduku hiki hakizuii kila kitu. Mwezi Mei 2017, kirusi cha WannaCry kiliingia katika kompyuta za nchi nyingi kupitia ufa wa Windows bila kuomba idhini ya mtu, kikafunga mafaili na kudai malipo, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huo. Kwa hiyo masasisho yasiahirishwe, na nakala ya hesabu za duka ikae katika diski isiyounganishwa na kompyuta muda wote.

Kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Ukishuku kwamba jambo hilo limekupata, ikate mashine kutoka intaneti, na ubadilishe nywila zako kwa kutumia kifaa kingine. Andika saa ya tukio na namba iliyokupigia. Usifute kitu wala usimpe fundi aisafishe, kwani ushahidi umo humo. Ilete katika kituo cha polisi kilicho karibu ikiwa kama ulivyoikuta. Kwa jambo la dharura, piga 999 au 112.