Tezi Dume: Tusiugue Kimya Kimya

Wazee wengi huamka usiku mara tatu au nne kwenda kukojoa. Wakiulizwa, husema, "Ni uzee tu." Wengine husema ni baridi ya milima yetu ya Tarime. Wengine huwaficha hata wake zao. Katika Iritongo wazee wetu huzungumza mambo mazito bila woga. Lakini jambo hili hawalisemi. Somo hili linaeleza kwa nini tulizungumze.

Tezi dume ni nini?

Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanamume. Kiko chini ya kibofu cha mkojo. Njia ya mkojo hupita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza maji yanayobeba mbegu za uzazi. Mwanamume akipita miaka 40, tezi hii huanza kukua polepole. Ikikua huibana njia ya mkojo. Ni kama kukanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Maji hutoka kidogo kidogo.

Magonjwa mawili

Ugonjwa wa kwanza ni tezi kukua bila saratani. Huu huwapata wazee wengi. Wa pili ni saratani ya tezi. Saratani huweza kuanza bila maumivu yoyote. Huwezi kuyatofautisha magonjwa haya bila kupimwa. Hayaletwi na uchawi. Hayaambukizwi. Wala si adhabu ya kuoa wake wengi.

Dalili

1. Kukojoa mara nyingi, hasa usiku.
2. Mkojo kuchelewa kuanza, au kutoka bila nguvu.
3. Kuhisi kibofu hakijaisha mkojo.
4. Damu katika mkojo.
5. Maumivu ya mgongo au nyonga yasiyopona.

Mkojo ukiziba kabisa, hiyo ni hatari kubwa. Usingoje asubuhi, wala usingoje kwanza kuuza ng'ombe mnadani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mganga atapitisha mpira mwembamba ili mkojo utoke. Mkojo ukizuiwa muda mrefu huharibu figo, na mtu huweza kufa.

Kupimwa si aibu

Mganga hupima mkojo na damu. Pengine huigusa tezi kwa kidole chenye glavu kupitia njia ya haja kubwa. Wazee wengi hukimbia kwa ajili ya kipimo hiki. Lakini ni cha muda mfupi tu, na hakimpunguzii mtu heshima.

Mwezi Novemba 2014, Jakaya Kikwete, akiwa Rais wa Tanzania, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume huko Marekani. Alikuwa na miaka 64. Habari hiyo ilitangazwa kwa wananchi wote. Alirudi kazini, akamaliza muda wake mwaka 2015. Mzee Nelson Mandela wa Afrika Kusini aligunduliwa na saratani ya tezi mwaka 2001. Alitibiwa, akaishi mpaka mwaka 2013.

Si kila mgonjwa hupasuliwa. Wengine hupewa vidonge tu. Saratani ikionekana mapema, matibabu yake huwa rahisi zaidi.

Tufanye nini?

Hakuna njia ya hakika ya kuzuia tezi isianze kukua. Lakini tunaweza kujitunza:

- Ukifika miaka 50, mwulize mganga juu ya kupimwa. Kama baba au ndugu yako alipata saratani hii, anza ukiwa na miaka 45.
- Ukiona dalili, anzia zahanati ya karibu. Wao watakupeleka hospitali ya Tarime au Mugumu, na ikibidi Bugando, Mwanza.
- Usibane mkojo.
- Kunywa maji mchana. Punguza pombe na chai usiku.
- Kula mboga, fanya kazi za mwili, acha tumbaku.

Vijana, mwulizeni baba kwa heshima. Mama, mshauri mzee aende hospitali.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini wazee wa kijiji chetu huficha ugonjwa huu?
2. Mkojo ukiziba usiku, tutamfikishaje mgonjwa hospitali?