Jeraha la Kichwa Lisifanywe Zawadi

Majuzi nilialikwa na vijana wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, kutazama mazoezi ya tamthilia yao. Mhusika mkuu ni fundi wa juakali anayegongwa na matatu katika Barabara ya Jogoo. Anapozinduka baada ya siku kadhaa, mikono iliyozoea nyundo inadai rangi na brashi. Majirani wanamwita mwendawazimu. Hatimaye anatokea mnunuzi wa picha, na mchezo unakwisha kwa vigelegele.

Vijana hao walitaka niwasahihishie lugha. Nilipata la kusema zaidi ya lugha.

Kisa chenyewe si uzushi. Tommy McHugh, mjenzi wa Liverpool, Uingereza, alivuja damu ubongoni mwaka 2001. Hakuwa msanii. Alipopata nafuu alianza kutunga mashairi na kuchora bila kupumzika, hata kuta na dari za nyumba yake zikajaa picha. Alifariki mwaka 2012. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, daktari Bruce Miller alieleza habari za wagonjwa walioanza kuchora huku sehemu za mbele na za kando za ubongo wao zikidhoofika. Baadhi ya wataalamu wanakisia kwamba sehemu moja inapolegea, nyingine iliyokuwa ikizuiwa nayo hupata uhuru.

Hata hivyo, uhuru huo hulipiwa. Anne Adams, mwanasayansi wa Kanada, alichora mwaka 1994 picha iliyogeuza muziki wa Maurice Ravel uitwao Boléro kuwa safu za rangi. Maradhi yanayohusishwa na usanii wake yalimnyang'anya usemi, naye akafariki mwaka 2007. Ravel mwenyewe, aliyeutunga muziki huo mwaka 1928, alipungukiwa na lugha kabla ya kifo chake mwaka 1937.

Sisi wanaisimu tunaikumbuka vyema mwaka 1861, Paul Broca alipomchunguza mgonjwa ambaye karibu silabi pekee aliyoweza kuitamka ilikuwa "tan". Aghalabu pigo la kichwa huondoka na kitu: maneno, kumbukumbu, au subira. Wanaopewa kitu badala yake ni wachache mno.

Nalijua hili si kwa vitabu tu. Mdogo wangu, niliyelelewa naye mtaani Jericho, aliumia kichwa katika ajali ya barabarani. Hakuamka mchoraji. Aliamka akikiita kijiko "kile" na mama yetu "yule". Kila jioni mama alikaa naye jikoni akimfundisha upya: sufuria, mwiko, kikombe. Hadi leo jina langu humponyoka, akabaki kunitazama kwa haya.

Katika Kiswahili, kipaji ni paji la uso, na kipaji ni karama. Neno ni moja, lakini tusidhani kwamba ukilivunja la kwanza utalipata la pili. Mtazamaji akitoka ukumbini akiamini hivyo, atarudi nyumbani kumlaumu mgonjwa wake kwa kutoamka na ajabu yoyote.

Sisemi mchezo huo uachwe. Mwaka 1993 Peter Brook alionyesha mjini Paris mchezo uliotokana na kitabu cha daktari Oliver Sacks kuhusu wagonjwa wa ubongo, na jukwaa likaweza kuwabeba bila kuwadhihaki. Niliwashauri vijana hawa waongeze onyesho moja: fundi ashindwe kulitaja jina la mwanawe, na mkewe, aliyeacha biashara yake ya mboga ili amuuguze, apewe nafasi ya kusema. Walimu mnaowatungia wanafunzi michezo ya tamasha za drama, nawaomba mkumbuke hilo pia.

Tulipokuwa tukiagana, kijana anayeigiza fundi aliniuliza, "Mwalimu, ndugu yako angekubali kuja kututazama?"

Nilimwahidi kwamba nitamleta, wakishaliandika onyesho hilo.