Ulimi na Kidole Penye Bunduki

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo nimeisomesha kwa miaka mingi pasi na kuitilia shaka, hadi siku nilipojikwaa ulimi mimi, na kidole cha mtu mwingine kikajikwaa papo hapo.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, alikuwa amenisihi kwa muda mrefu nimfundishe kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo. Mchezo huo niliupata Ujerumani, katika mji wa Bayreuth, nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ya uzamifu. Nilimkubalia kwa masharti. Hatungefyatua nyuma ya nyumba bali katika uwanja wenye kibali, na mwenye bunduki, ambaye ana leseni yake, awepo. Anayetaka kumiliki bunduki ya aina hii hapa Kenya ajue kwamba analikabili suala la sheria na polisi, si la duka la michezo.

Wengi huidharau kwa kuwa haina baruti. Hata hivyo, chembe yake ya risasi, yenye kipenyo cha milimita 4.5, husukumwa na hewa iliyoshindiliwa, nayo yaweza kupofusha jicho milele. Kwa hivyo somo la kwanza halikuwa la kulenga. Nilimwambia kijana aihesabu kila bunduki kuwa ina risasi hadi atakapohakikisha kwa macho yake. Mdomo wa mtutu usielekee kitu asichotaka kukitoboa. Kidole kikae nje ya kifyatuo hadi atakapokuwa tayari kupiga. Tena achunguze kilicho nyuma ya shabaha kabla ya kuitazama shabaha yenyewe. Tulivaa miwani ya kukinga macho. Karatasi ya shabaha ilikuwa umbali wa mita 10, na nyuma yake palikuwa na tuta la udongo laini, maana chembe ikigonga jiwe au chuma yaweza kuruka na kumrudia aliyeipiga.

Nilidhani nimemaliza. Kijana alikuwa amekwisha kulenga pale mfanyakazi wa uwanja, asiyejua kwamba tumeanza, alipochomoza kando ya tuta. Nikapaza sauti: "Usipige!"

Bunduki ikalia. Chembe ikazama udongoni, hatua chache kutoka kwa yule bwana. Mpwa wangu akanigeukia, na mtutu ukageuka pamoja naye. Niliusukuma chini kwa kiganja.

"Mjomba," akasema akitetemeka, "si umesema nipige?"

Kosa halikuwa lake. Kati ya "upige" na "usipige" pana silabi moja tu, "si", nayo haina mkazo, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili aghalabu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Palipo na upepo, na moyo wa mwanagenzi ukimdunda masikioni, kinachosalia ni "pige". Mimi, mwenye shahada ya isimu, nilikuwa nimeutundika uhai wa mtu kwenye silabi dhaifu kuliko zote katika neno.

Tuliketi kivulini tukatunga amri upya. Kwanza, kila amri iseme la kufanya, si la kutofanya: "Kidole nje!" badala ya "Usiguse kifyatuo!" Pili, airudie amri kwa sauti kabla ya kuitekeleza. Tatu, neno la kusitisha liwe moja, lisilofanana na jingine lolote uwanjani. Tulichagua "Koma!" Alisikiapo atoe kidole, mtutu ubaki umeelekea tuta, na asigeuke hata akiitwa kwa jina.

Ugumu ulikuwa katika sharti la nne, kwamba neno hilo ni haki ya yeyote aonaye hatari, awe mkubwa au mdogo. Kijana akainamisha kichwa. Angewezaje kumwambia mjomba wake "koma"? Nikamweleza kwamba heshima ni jambo jema, ila heshima inayonyamaza mbele ya hatari huzika watu. Jioni, mwenye bunduki akiwa bado anaokota karatasi kule kwenye tuta, nikainyanyua bunduki bila kufikiri ili niipakie mfukoni mwake. "Koma, Mjomba!" Nikaiweka chini. Sikupata kufurahia kufokewa kama siku ile.

Kabla ya kula tulinawa mikono kwa sabuni. Lugha yetu yenyewe imetuonya, kwani risasi ni ile inayopigwa, na pia ni jina la madini yenye sumu.

Walimu wenzangu, wachache wenu mtashika bunduki, lakini wengi mna maabara, karakana na viwanja vya kurushia mkuki. Mwalimu wa kemia apazaye sauti "Msimimine maji katika asidi!" mbele ya wanafunzi 50 wenye kelele, ana hakika gani kwamba aliye nyuma hakusikia "mimina"? Na aseme, "Asidi ndani ya maji!", kisha darasa zima limrudishie maneno hayo. Nanyi wanafunzi, mkimwona mwalimu akikosea penye hatari, msingoje kuulizwa. Semeni.