Jinja na Mbale: Mizimu, jando na mtaji wako

Anayevuka mpaka wa Malaba akitokea Kenya hufika Tororo, na hapo njia hugawanyika: ya kaskazini huenda Mbale, ya magharibi huelekea Jinja. Wafanyabiashara wanaijua miji hii kwa masoko yake. Wenyeji wanaijua pia kwa mizimu na matambiko, na mgeni asiyeyafahamu hayo anaweza kupata hasara.

Kilomita chache kaskazini mwa Jinja, Mto Nile ulikuwa na maporomoko ya Bujagali. Kwa Wasoga, hayo yalikuwa makao ya Budhagaali, mzimu mkubwa wenye kuhani wake. Bwawa la umeme lilipopangwa hapo, mzimu nao ukawa sehemu ya mazungumzo. Kampuni ya Marekani, AES, ilijitoa mwaka 2003. Mradi ulipoanza upya mwaka 2007 chini ya kampuni nyingine, yalifanyika matambiko ya kuuhamisha mzimu, lakini kuhani Nabamba Budhagali alishikilia kwamba haujahama. Maji yakafunika maporomoko, na bwawa la megawati 250 likazinduliwa Oktoba 2012. Nchi ilipata umeme. Walioishi kwa watalii wa maporomoko walipoteza kivutio chao, na safari za maboti ya mpira zikalazimika kuhamia chini zaidi mtoni.

Mbale mambo ni tofauti. Huko mila haijafunikwa na maji, na ndiyo inayoleta watu. Kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, Wagisu hufungua msimu wa jando, imbalu, mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto. Simulizi yao inasema babu yao Masaba alitahiriwa kwa sharti la Nabarwa, mwanamke aliyetaka kumuoa. Ng'ambo ya mpaka, Wabukusu wa Bungoma nao hutahiri katika miaka hiyo hiyo.

Kwa mwenye mzigo, msimu huo una maana mbili. Kwanza, wimbi la malwa, kuku na ng'ombe hutafutwa sana. Pili, misafara ya vijana waliopakwa unga na wacheza kadodi hujaza barabara. Lori lililopangiwa kufika asubuhi linaweza kufika jioni, na nyanya hazisubiri. Panga safari mapema, na usimpigie honi kijana anayekwenda kutahiriwa.

Heshima kwa mila isichanganywe na kumwamini kila anayejiita mganga. Kuanzia Busia hadi Mbale hazikosekani ahadi za dawa ya kuvuta wateja, kinga ya chuma ulete au utajiri wa haraka. Tapeli huanza na ada ndogo, kisha huomba mbuzi, kisha pesa za "kusafisha" pesa. Mwisho wake ni mtaji kwisha, na mhanga huona haya kwenda polisi.

Sheria ya Uchawi ya Uganda ya mwaka 1957 inatenganisha mambo haya. Ibada ya kweli ya mizimu na uuzaji wa kweli wa dawa za kienyeji havihesabiwi kuwa uchawi. Kumtishia mtu kwa uchawi ni kosa. Anayekuambia kafara ya binadamu inaleta utajiri anakuingiza kwenye kosa ambalo sheria ya mwaka 2021 inaliadhibu hadi kifo. Mripoti mara moja.

Mji wa Salem nchini Marekani uliwanyonga watu 19 kwa tuhuma za uchawi mwaka 1692. Leo historia hiyo huwaletea wenyeji watalii wengi kila Oktoba, na fedha hizo hupitia hoteli, maduka na makumbusho yenye risiti. Mbale inaweza kufuata njia hiyo katika msimu wa imbalu, kwa vibanda vilivyopangwa, maegesho ya malori na bei zinazojulikana. Jinja bado ina mto, na simulizi za Budhagaali hazijafa.

Kwa sasa, kabla ya kupakia mzigo wa Agosti, uliza kama mwaka ni wa jando. Na mtu akikuahidi kuzidisha mtaji wako usiku mmoja, mwache auzidishe kwanza wa kwake.